Kwanini chupa mbili zimeandikwa Montepulciano na hazifanani hata kidogo

Mwaka wangu wa kwanza wa uweita kwenye mgahawa mmoja hapa Malindi nilimpelekea mteja chupa ambayo sio. Aliagiza Vino Nobile di Montepulciano, mimi nikaenda stoo nikaona neno Montepulciano kwenye lebo nikabeba, nikafungua, nikamimina. Mzee akaonja, akaizungusha glasi kidogo, akaniambia kwa upole, kijana wangu, hii ni ya Abruzzo. Nikarudi stoo nikaziweka zote mbili kwenye mwanga, na kweli, moja Montepulciano d'Abruzzo, nyingine Vino Nobile di Montepulciano, neno ni lile lile na bei wala hazikaribiani.

Basi toka siku hiyo nikaanza kuuliza, na Malindi kuuliza ni rahisi mana Waitaliano wako hapa tangu miaka ya 1960, enzi za ile kazi ya kurusha setilaiti kule Ngomeni, na mji mzima umezoea Kitaliano. Nimeuliza wapishi, nimeuliza wateja wanaokuja kila mwaka, nimesoma usiku kwa simu, na nataka nieleze hapa vile nilivyoelewa, mana najua wengi wanaangalia ile orodha ya waini wanaona majina tu yamerundikana. Na hata kama wewe hunywi kabisa, soma, hii ni jiografia zaidi kuliko pombe.

Nianze na zile chupa mbili. Montepulciano ya Abruzzo ni jina la zabibu, zabibu nyeusi inayolimwa mkoa wa Abruzzo upande wa bahari ya Adriatic. Montepulciano ya pili ni jina la mji, mji mdogo juu ya kilima kule mkoa wa Toscana, na zabibu kubwa ya mji huo inaitwa Sangiovese, sio Montepulciano. Kwa hiyo chupa moja inakwambia zabibu na mkoa, nyingine inakwambia mji peke yake na inategemea wewe ujue mji huo unalima nini. Hapo ndipo watu wengi tunapotea, mana tumezoea waini za South Africa au Chile ambazo lebo inaandika zabibu kwa herufi kubwa, Shiraz, Merlot, umemaliza. Mtaliano wa zamani hakuona haja ya kuandika zabibu. Barolo ni mahali, Chianti ni mahali, Soave ni mahali, na aliyekuwa anainunua alikuwa jirani, anajua nini kinaota pale kama vile mtu wa Kaloleni hahitaji lebo ya mnazi wake.

Alafu kumbuka Italia kama nchi moja ni ya juzi tu, 1861, kabla ya hapo ilikuwa falme na miji kila mmoja na sheria zake na mapishi yake na zabibu zake. Mpaka leo kuna aina zaidi ya 500 za zabibu zilizosajiliwa, na mikoa yote 20 inatengeneza waini, hakuna hata mmoja usiotengeneza. Serikali ilikuja kupanga mambo na sheria ya 1963 iliyoleta zile herufi za DOC unazoziona kwenye lebo, baadae zikaja za DOCG kwenye ule utepe wa shingo ya chupa, na maana yake kwa kifupi ni kwamba waini hii imetoka kwenye mipaka hii, kwa zabibu hizi, imekaa muda huu. Zinalinda mahali, hazikuahidi kwamba utaipenda.

Sasa mbona mahali pana nguvu hivo? Chukua ramani. Italia ni ndefu, kama kilomita 1,200 kutoka juu mpaka chini, huku juu imefungwa na milima ya Alps yenye theluji na huku chini inakaribia Tunisia. Katikati yake umepita uti wa mgongo wa milima ya Apennines, na tambarare ni kama robo tu ya nchi nzima, zilizobaki zote ni vilima na milima. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema hali ya hewa ya Italia muulize ipi, mana kila bonde lina yake. Sisi tunalijua hili vizuri tu, ukiwa Voi jua linakuunguza, panda matatu mpaka Wundanyi unatafuta sweta, na hujatoka kaunti moja. Kila ukipanda mita 100 joto linapungua zaidi ya nusu digrii, na kwa zabibu hiyo nusu digrii ni kitu kikubwa.

Zabibu changa ni kali kama ukwaju na sukari haina. Jua linapofanya kazi majani yanatengeneza sukari inaingia kwenye tunda, na wakati huo huo ule ukali unashuka, kwa hiyo ni kama mbio mbili zinakimbiwa pamoja. Sukari ndio hamira itakuja kuila na kuigeuza kilevi, ukali ndio unaoipa waini uchangamfu mdomoni. Mchana joto na usiku joto, sukari inapanda mbio na ukali unaisha, unapata waini nzito yenye kilevi kingi na imelala. Baridi ikizidi tunda haliivi, waini inakuwa nyembamba inakwaruza. Kinachotafutwa na kila mkulima ni jua la mchana na baridi ya usiku, mana usiku wa baridi unautunza ule ukali. Kuna na kitu cha tatu, tanini, iko kwenye ganda na mbegu, ndio ule ukakasi kama umekula bibo au ndizi mbichi, ulimi unakauka na mashavu yanavutika ndani. Tanini nayo ina muda wake wa kuiva na haifuati ratiba ya sukari.

Na mzabibu wa Italia una nafasi moja tu kwa mwaka. Dodoma wanavuna mara mbili kwa sababu hakuna majira ya baridi ya kuulaza mti, unapogoa unaanza tena. Kule mzabibu unalala miezi yote ya baridi kama umekufa, unachipua Aprili, unavunwa kuanzia Agosti mpaka Oktoba au Novemba kutegemea na mahali, na mvua ya mawe ya dakika kumi inaweza kumaliza kazi ya mwaka. Ndio sababu mwaka unaandikwa kwenye lebo na watu wanaubishania.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Langhe, mkoa wa Piemonte, kaskazini magharibi karibu na mji wa Alba. Zabibu ya pale ni Nebbiolo, na wengi wanasema jina limetoka kwenye neno nebbia, ukungu, mana inavunwa wakati ukungu wa asubuhi umejaza mabonde na vilele tu ndio vinaonekana kama visiwa. Nebbiolo ni mti msumbufu, unawahi kuchipua kwa hiyo baridi ya mwisho inaweza kuukuta, alafu unachelewa kuiva kuliko majirani zake karibu wote. Ukiupanda upande wa kilima usio na jua hautakuivia. Kwa hiyo wakulima wa Langhe kwa vizazi na vizazi walikuwa wanaangalia theluji inayeyuka wapi kwanza, hapo ndipo jua linapokaa, hapo wanapanda Nebbiolo, na wana neno lao kabisa la mteremko wa jua, wanauita sorì. Miteremko ya chini au inayoangalia vibaya inapewa zabibu za Barbera na Dolcetto ambazo haziringi. Na hili limeingia mpaka kwenye sheria, kanuni za Barolo zinakataza shamba linaloangalia kaskazini. Fikiria sheria inayosimamia mlima unaangalia wapi!

Barolo yenyewe ni vijiji 11 tu. Lazima iwe Nebbiolo peke yake, na haiuzwi mpaka ikae miezi 38, kati ya hiyo 18 ndani ya mapipa ya mbao, mana Nebbiolo ina tanini ya kutisha na muda ndio unaoilainisha. Ukiimwaga kwenye glasi unadanganyika, rangi ni nyepesi, nyekundu ya matofali, unaona mpaka vidole vyako upande wa pili, unasema hii itakuwa laini. Unaonja, ulimi wote unakauka. Alafu inakuja harufu, watu wanasema waridi na lami, na mimi hiyo lami nilikuwa nadhani ni maneno tu mpaka siku nilipoinusa chupa iliyokaa sana na nikakumbuka barabara mpya ikiwekwa lami jua la saa saba. Ipo kweli.

Na hata ndani ya vijiji hivo 11 udongo haufanani. Zamani sana yote ilikuwa chini ya bahari, na upande wa magharibi, La Morra na kijiji chenyewe cha Barolo, udongo ni wa bluu-kijivu wenye mfinyanzi na chokaa, kwa kawaida unatoa waini yenye harufu zaidi na inayofunguka mapema. Mashariki, Serralunga na Monforte, miamba ni ya zamani zaidi na ina mchanga mgumu zaidi, waini yake imekaza, inataka miaka. Zabibu ile ile, mwaka ule ule, unavuka bonde moja tu. Watu wamejaribu kuipeleka Nebbiolo nchi nyingine nyingi na inaota, ila ni sehemu chache sana imetoa kitu kinachokaribia ya nyumbani kwake.

Kutoka hapo ukielekea mashariki unakutana na kitu tofauti kabisa, ziwa. Garda ndio ziwa kubwa la Italia na maji yake yanatunza joto kiasi kwamba mizeituni inaota pale chini ya Alps ambapo ungetegemea baridi iikaushe. Mchana kuna upepo unapanda kutoka ziwani kwenda bondeni, wanauita Ora, unakausha majani na ukungu wa magonjwa haukai. Sisi tunaoishi kwa kusi na kaskazi hatuhitaji kuelezwa upepo una kazi gani.

Mashariki ya ziwa hilo, vilima vya Valpolicella juu ya Verona, ndipo inatoka Amarone, na hapa binadamu ameingilia zaidi. Zabibu yao kuu Corvina ikitengenezwa kawaida inatoa waini nyepesi, sasa wao wanavuna vichala vizuri tu, wanavitandaza kwenye matreya ndani ya maghala yenye madirisha pande zote, wanaviacha miezi mitatu minne vikinyauka. Vinapoteza theluthi nzima ya uzito au zaidi, sukari na ladha vinajikusanya, na wanakuja kukamua wakati wa baridi. Hii inawezekana kwa sababu hewa ya vilimani kule ni kavu na ina upepo. Ukijaribu kwenye bonde lenye unyevu ni ukoga mtupu. Zamani walikuwa wanatengeneza tamu, inaitwa Recioto, na Amarone ni ile ambayo hamira ilikula sukari mpaka ikaisha ikabaki na uchungu kidogo, ndio maana ya jina, amaro ni chungu.

Prosecco nayo iko upande huo huo, ni zabibu ya Glera kwenye vilima vilivyosimama kama ukuta kati ya Conegliano na Valdobbiadene, mapovu yake yanatengenezwa ndani ya matanki makubwa, na inauzwa kuliko zote hapa kwetu kwa hiyo sina la kuongeza.

Toscana ndio moyo wa ile Sangiovese. Hii zabibu ni kama kinyonga, inachukua rangi ya inapokaa. Chianti, ile sehemu ya katikati kati ya Florence na Siena, ni vilima vya juu vyenye misitu na mawe, udongo una galestro unaomeguka mkononi kama biskuti na alberese ambao ni jiwe gumu la chokaa, maji hayatuami, mizizi inabidi iende chini sana. Waini yake inakuwa na ukali mzuri, inanukia cheri, na ndio inaenda na nyama ya kuchoma vizuri kuliko kitu kingine chochote nimewahi kupeleka mezani. Mipaka ya Chianti iliwekwa na mtawala Cosimo III wa ukoo wa Medici mwaka 1716, kati ya mipaka ya kwanza duniani kuandikwa kwa ajili ya waini, mana hata wakati ule watu walikuwa wanaandika Chianti kwenye waini isiyotoka Chianti. Shuka kusini mpaka Montalcino, zabibu ni Sangiovese hiyo hiyo, lakini hapo kuna joto zaidi na mvua kidogo, na kuna mlima Amiata wa mita 1,738 umesimama kama ukuta unazuia dhoruba zinazotoka kusini. Ganda linaiva kabisa, waini inakuwa nzito na ladha yake inakaa mdomoni, inaitwa Brunello, na haitoki sokoni mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Na ile Vino Nobile ya yule mzee wangu inatoka hapo hapo karibu, mji wa Montepulciano, Sangiovese tena, wao wanaiita Prugnolo Gentile. Waini tatu, zabibu moja, na ukiziweka mezani pamoja mtu asiyejua atakataa kuwa ni ndugu.

Kwa Abruzzo nao niseme kidogo ili nisiwaonee. Milima ya Gran Sasso inafika mita 2,912 na bahari haiko mbali, kwa hiyo mizabibu iko katikati, mchana inapata bahari na usiku inashukiwa na hewa baridi ya mlimani. Ile Montepulciano yao ni nyeusi tii, laini, haikusumbui, na kwa bei yake mimi ndio ninayomshauri mteja anayeanza.

Sasa kusini. Watu wengi wanadhani kusini ni joto tu basi, waini nzito tu, na Puglia kweli ni hivo, kisigino cha kile kiatu unachokiona kwenye ramani ya Italia, udongo mwekundu, zabibu ya Primitivo inayowahi kuiva kuliko wenzake ndio maana ikapewa jina hilo. Lakini nenda Irpinia nyuma ya Naples, juu milimani, zabibu ya Aglianico inavunwa Novemba wakati kaskazini wengi walishamaliza. Na nenda Etna.

Etna ni volkeno hai ya zaidi ya mita 3,300 iliyosimama pembeni mwa bahari, kisiwa cha Sicily. Kisiwa hicho hicho, mji wa Floridia, tarehe 11 Agosti 2021 kilipimwa joto la digrii 48.8, rekodi ya Ulaya nzima. Na mlimani wanalima mpaka karibu mita 1,000 na mavuno yao ni Oktoba, wakati tambarare za kisiwa zilishavuna Agosti. Wenyeji wanaiita Muntagna, Mlima, hawataji jina, na Mlima huo unatema majivu na lava kila mara, kwa hiyo udongo sio mmoja. Lava ya miaka mia tatu iliyopita na ya miaka elfu tatu zimelala jirani, moja bado ni jiwe jeusi lenye nyasi kidogo, nyingine imeshakuwa mchanga mweusi mzuri, na kila kipande kina jina lake, wanaita contrada. Mwaka 1981 lava ilishuka upande wa kaskazini karibu na Randazzo ikapita juu ya mashamba ya mizabibu, na mpaka leo ukiangalia picha unaona ule mto mweusi na mizabibu imeanza tena pembeni yake.

Zabibu yao nyekundu ni Nerello Mascalese, na inashangaza mana inafanana na Nebbiolo ya kule juu Piemonte, rangi nyepesi, ukakasi, harufu nzuri, na ni mwisho mwingine kabisa wa nchi. Mwinuko umefanya kazi ambayo kule imefanywa na latitudo, yaani kuwa mbali zaidi na ikweta. Kuna jambo jingine, kale kadudu ka filoksera kalikotoka Marekani karne ya 19 kakala mizizi ya karibu mizabibu yote ya Ulaya hakapendi mchanga wa volkeno, kwa hiyo Etna bado kuna miti ya zaidi ya miaka 100 iliyosimama kwa mizizi yake yenyewe, mifupi, imejipinda kama mikono ya bibi. Wanaipanda kila mmoja peke yake kwenye kigingi, kati ya kuta za mawe meusi yaliyopangwa bila saruji, trekta haliingii, ni jembe na mgongo.

Hili la mwinuko saa hii lina uzito zaidi mana joto linapanda. Langhe zamani hofu ilikuwa Nebbiolo kukosa kuiva, siku hizi hofu ya wengi ni kuiva haraka mno, mavuno yanaanza Septemba, na ile miteremko ya jua iliyokuwa dhahabu kuna miaka inaunguza. Wakulima wanaangalia juu, wanaangalia mashamba ambayo babu zao waliyadharau. Ramani niliyoieleza hapa inasogea, na watoto wao huenda wakasoma nyingine.

Nimalizie na kisiwa kimoja, Pantelleria. Ni cha Italia lakini kiko karibu zaidi na Tunisia, kama kilomita 70 tu, na kinapigwa na upepo karibu mwaka mzima. Mzabibu ukisimama wima pale unavunjika, kwa hiyo mkulima anachimba kishimo, anaupanda mti ndani yake, anaupogoa mfupi ukatambaa chini ya usawa wa upepo, na kile kishimo kinashika na umande wa usiku mana mvua ni haba. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ukulima huo kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, kazi ya mikono ya watu, sio jengo. Zabibu wanavuna Agosti, nyingine wanazianika juani kabisa mpaka zikunjamane, na waini yake ni ya rangi ya asali, inanukia maua ya mchungwa na tende.

Waarabu walitawala huko na Sicily zaidi ya miaka 200 na wakaacha maneno yao kama walivyoacha kwetu. Zabibu ya Pantelleria inaitwa Zibibbo, kutoka Kiarabu zabib. Chupa ya kwanza ilipofika mgahawani mpishi alitaka kunielezea lile neno kwenye lebo, nikamwambia hili niachie, hili nililisikia kwa mamangu kabla sijaanza shule.